Matangazo Yanayojifungua Yenyewe: Namna ya Kumtambua Anayeyaleta na Kumwondoa kwenye Simu na Kompyuta

Kwenye meza yangu ya kazi hapa Mwanga, mjini Kigoma, ambako ninachapa barua, kutoa nakala na kutengeneza simu, lalamiko ninaloletewa mara nyingi kuliko hata la kioo kilichopasuka ni kwamba simu imeingiwa na virusi na inafungua matangazo yenyewe. Mwenye simu huwa amekwisha kuambiwa na fundi wa kwanza aliyempelekea kwamba dawa pekee ni kuiflashi, yaani kufuta kila kitu na kuuweka mfumo wake upya. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu simu nyingi nilizozishika hazikuhitaji dawa hiyo. Matangazo hayo yana mwenyewe, njia anazoweza kupitia ni chache, na kila njia ina mlango wake wa kufungia. Anayefuta kila kitu kabla hajajua ni mlango upi uliachwa wazi hupoteza picha na namba za watu, halafu tangazo linarudi wiki inayofuata.

Mfano wa karibu ni wa mama mmoja anayeuza dagaa pale Kibirizi. Alikuja kipindi cha mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi ya dagaa haiendi ziwani na wafanyabiashara wanapata nafasi ya kupanda mjini kwa shughuli nyingine.

"Mwanangu, hii simu inanitisha," alisema baada ya kunipokea shikamoo yangu. "Kila dakika inasema ina virusi kumi na tatu. Huko nilikotoka wameniambia niiache waiflashi."

"Mama, ndani yake kuna kitu usichotaka kipotee?"

"Wateja wangu wa Tabora na Dodoma wote wamo humo humo. Kwenye laini hakuna hata mmoja."

Nilivuta pazia la arifa kutoka juu ya kioo. Kulikuwa na ujumbe sita wenye alama nyekundu za hatari, na kila mmoja ulikuwa na alama ndogo ya duara ya kivinjari cha Chrome pembeni, ikifuatiwa na anwani ya tovuti iliyoandikwa kwa herufi zisizo na maana yoyote. Hapakuwa na kirusi. Kulikuwa na tovuti moja ambayo mjukuu wake, alipoazima simu kutafuta mechi, aliipa ruhusa ya kutuma ujumbe wakati wowote itakao. Kazi yote iliisha kabla chai yake haijapoa.

Hatua ya kwanza: mtambue anayesema

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, subiri tangazo lijitokeze, kisha litazame bila kulibonyeza, hata kwenye alama ya kulifungia, kwa kuwa alama hiyo nayo mara nyingi imechorwa tu na ukiigusa umelibonyeza tangazo lenyewe.

Ikiwa linashuka kutoka juu kama ujumbe mfupi na lina alama ya kivinjari pamoja na anwani ya tovuti, hiyo ni arifa ya tovuti na mlango wake uko ndani ya kivinjari. Ikiwa linafunika kioo chote ghafla wakati hujafungua kivinjari, kwa mfano ukiwa kwenye skrini ya mwanzo au umemaliza tu kuzungumza na mtu, hilo linaletwa na programu iliyomo ndani ya simu. Hapo usilifunge haraka: bonyeza kitufe cha kuonyesha programu zilizofunguliwa, kile cha mraba, au pandisha kidole taratibu kutoka chini kama simu yako haina vitufe. Kadi ya tangazo itaonekana miongoni mwa kadi nyingine, na juu yake mara nyingi patakuwa na alama au jina la programu iliyolileta. Liandike jina hilo kwenye karatasi. Nimeona watu wakishangaa kwamba mwenye makosa alikuwa tochi, kisoma misimbo au programu ya "kusafisha simu" waliyoipakua ili iwaondolee virusi hivyo hivyo.

Ikiwa matangazo yanatokea tu unapokuwa kwenye tovuti moja fulani, ya kupakua muziki au ya kuangalia mpira, na ukienda kwingine kunakuwa shwari, simu yako ni nzima. Tovuti hiyo ndiyo inayoishi kwa matangazo ya namna hiyo, na kila unapogusa kitufe chake cha kucheza inafungua kichupo kingine, yaani ukurasa mwingine wa kivinjari, nyuma yake. Na ikiwa kila unachotafuta kinapelekwa kwenye injini ya utafutaji usiyoijua, jambo ambalo hutokea zaidi kwenye kompyuta, shuku kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, kilichopachikwa kwenye kivinjari.

Lipo kundi la mwisho ambalo watu hulisahau. Simu nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa na programu za mtengenezaji mwenyewe, kama duka lake la programu, kivinjari chake na picha zinazobadilika kwenye kioo kilichofungwa, ambazo nazo hutuma matangazo. Hizo haziwezi kusaniduliwa, yaani kuondolewa kabisa, kirahisi, lakini nyingi zinaweza kuzimwa au kunyimwa arifa: ukibonyeza arifa yake na kushikilia kidole kwa muda, simu itakuonyesha jina la programu na swichi ya kuinyamazisha.

Ukurasa unaodai kuwa simu ina virusi

Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuchunguza mafaili ya simu yako na kuhesabu virusi vilivyomo. Unaweza kutaja aina ya simu unayotumia kwa sababu kivinjari hujitambulisha kwa kila tovuti kinayoitembelea, unaweza kuifanya simu itetemeke, na unaweza kuonyesha sekunde zinazohesabiwa kurudi nyuma ili ufanye haraka. Hayo yote ni maigizo ya kukufikisha kwenye kitufe cha kupakua.

Ukinaswa, usibonyeze kitufe cha kurudi nyuma mara nyingi, kwani kurasa hizi huijaza historia ya kichupo kwa makusudi ili kila unaporudi ujikute palepale. Fungua orodha ya vichupo, ile namba iliyo ndani ya mraba juu ya kivinjari, kisha kifunge kichupo hicho kutoka nje. Kikigoma, washa hali ya ndegeni ili intaneti ikatike, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, chagua kivinjari na ukilazimishe kusimama. Ukikifungua tena huku intaneti ikiwa bado imezimwa, ukurasa ule hautaweza kupakia, nawe utapata nafasi ya kukifunga kichupo chake. Baada ya hapo rudisha intaneti.

Kwenye kompyuta maigizo haya hujaza kioo kizima na huambatana na sauti ya king'ora na namba ya simu ya kupiga, yakijifanya yametoka Microsoft. Onyo halisi la Microsoft haliweki namba ya simu ya kupiga. Bonyeza kitufe cha Esc na ukishikilie kwa sekunde chache ili kivinjari kitoke kwenye skrini nzima; ikishindikana, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari katika orodha inayotokea, na ukisitishe. Kivinjari kikikuuliza baadaye kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Hatua ya pili: futa ruhusa za arifa

Sehemu hii ndiyo inayotibu simu nyingi, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Tangu mwaka 2015 Chrome imeziwezesha tovuti kutuma arifa kwenye simu hata pale ambapo mtu hajazifungua. Nia ilikuwa njema: gazeti likujulishe habari, au barua pepe ikuambie kuna ujumbe. Matapeli waligundua upesi kwamba wanachohitaji ni mguso mmoja tu wa mtu kwenye neno "Ruhusu", au "Allow" kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, na kuanzia hapo wanaweza kumtumia matangazo usiku na mchana. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Firefox na Chrome zote ziliongeza njia za kuyanyamazisha maombi haya, lakini hayakuisha.

Mtego wao mkubwa ni ukurasa unaoonyesha picha ya roboti na maandishi yanayokutaka ubonyeze "Ruhusu" ili kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu, au ili video ianze kucheza. Uthibitisho wa kweli wa kwamba wewe si roboti hufanyika ndani ya ukurasa, kwa kuweka tiki kwenye kisanduku au kuchagua picha. Hauhitaji ruhusa ya arifa hata kidogo. Ombi la ruhusa ni kile kisanduku kinachotolewa na kivinjari chenyewe, chenye anwani ya tovuti na vitufe viwili, na jibu lake kwa tovuti usiyoijua ni kukataa.

Ili kuondoa ruhusa zilizokwisha kutolewa, fungua Chrome, gusa nukta tatu zilizo pembeni juu, ingia kwenye Mipangilio, kisha Mipangilio ya Tovuti, kisha Arifa. Majina haya hutofautiana kidogo kutoka toleo moja hadi jingine, lakini alama ya kengele haibadiliki. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ipitie moja baada ya nyingine na ujiulize kama unaifahamu tovuti hiyo na kama umewahi kutaka ikutumie ujumbe. Kwa mama yule wa Kibirizi orodha ilikuwa na anwani tisa, na hakuna hata moja aliyoitambua. Gusa kila anwani na uchague kuizuia. Ninasisitiza kuizuia badala ya kuifuta tu, kwa sababu tovuti iliyofutwa itakuuliza tena siku utakapoikanyaga, wakati iliyozuiwa inakumbukwa na kivinjari kuwa imekwisha kukataliwa.

Watu wengi hudhani kufuta historia ya kivinjari kunatosha. Historia na ruhusa ni vitu viwili tofauti. Unaweza kufuta historia ya mwaka mzima na arifa zikaendelea kuja kama kawaida. Kama arifa yenyewe bado iko kwenye pazia, ipo njia ya mkato: ivute chini ili ifunguke zaidi, na utaona kitufe cha mipangilio ya tovuti au cha kujiondoa, ambacho kitakupeleka moja kwa moja kwenye ruhusa ya tovuti hiyo.

Juu kabisa ya ukurasa huo wa Arifa kuna swichi inayoamua kama tovuti zinaweza kukuomba ruhusa. Mimi siku ile nilisahau kuizima. Mbalamwezi iliyofuata mama alirudi na arifa nyingine kutoka anwani mpya, kwa kuwa mjukuu alikuwa ameazima simu tena na kubonyeza tena. Kwa simu inayoshikwa na watu wengi nyumbani, zima swichi hiyo. Ujumbe wa WhatsApp na wa benki hautaguswa, kwa sababu hizo ni programu zinazojitegemea na hazipiti kwenye kivinjari.

Ukiwa bado kwenye Mipangilio ya Tovuti, tazama pia sehemu ya madirisha ibukizi na kuelekezwa kwingine, na uhakikishe imezuiwa. Kama unatumia kivinjari zaidi ya kimoja, na simu nyingi zina viwili bila mwenyewe kujua, rudia kazi hii katika kila kimoja.

Hatua ya tatu: tafuta programu iliyojificha

Matangazo yanayofunika kioo bila kivinjari kufunguliwa yanahitaji uwindaji. Anza na swali la kalenda: yalianza lini, na siku chache kabla ya hapo uliweka nini kwenye simu? Nikiuliza hivi, jibu huwa ni WhatsApp isiyo rasmi iliyotumwa na rafiki kama faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu ya Android, programu ya kuangalia mpira bure, au mchezo wa mtoto. Programu iliyowekwa nje ya Play Store haikupita kwenye ukaguzi wa duka hilo, na aliyeifumua na kuiunda upya kabla ya kuisambaza alikuwa na nafasi ya kupachika humo anachotaka.

Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya programu, na uangalie orodha nzima hadi mwisho. Tafuta lile jina uliloliandika kwenye karatasi. Tafuta pia programu isiyo na jina au yenye alama nyeupe tupu, kwa sababu baadhi hujiondoa kwenye skrini ya mwanzo ili usizione, ila katika orodha hii hubaki zikionekana. Kisha ingia kwenye ufikiaji maalum wa programu, sehemu ya kuonyesha juu ya programu nyingine. Hapo ndipo ruhusa ya kufunika kioo hutolewa. Programu ya kupiga simu za video inaweza kuwa na sababu ya kuwamo. Tochi na kikokotoo havina.

Dalili nyingine ambayo mtu wa bando la wiki ataipenda iko kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya matumizi ya data. Programu zimepangwa kwa ukubwa wa MB zilizotumia, na ukigusa moja utaona kiasi ilichotumia ikiwa nyuma, yaani wakati hukuwa umeifungua. Programu ya kubadilisha maandishi ya kibodi iliyokula MB mia tatu ikiwa nyuma imejitaja yenyewe.

Ukishaipata, isanidue. Kama kitufe cha kusanidua kimefifia na hakibonyezeki, programu hiyo imejipa cheo cha msimamizi wa kifaa. Nenda kwenye mipangilio ya usalama, tafuta programu za msimamizi wa kifaa, ondoa tiki kwenye jina lake, kisha urudi kuisanidua. Angalia na sehemu ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa sababu programu hasidi huipenda sana: aliyeruhusiwa hapo anaweza kusoma yaliyo kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako.

Ikiwa matangazo yanakuja kwa kasi kiasi kwamba huwezi hata kufika kwenye mipangilio, washa simu katika hali salama. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzimia, na neno la kuzima linapotokea unaligusa na kushikilia kidole hadi simu ikuulize kama unataka kuwaka katika hali hiyo. Kwenye nyingine unashikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati simu inawaka. Katika hali salama, programu zote ulizoziongeza mwenyewe hulazwa. Matangazo yakinyamaza humo, umepata uthibitisho kwamba mkosaji ni mojawapo ya hizo, nawe una utulivu wa kumsanidua. Kuizima simu na kuiwasha tena kunairudisha katika hali ya kawaida.

Malizia kwa kufungua Play Store, gusa picha yako juu, chagua Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi, na uiamuru ichanganue simu. Usipakue kizuia virusi kingine ulichokiona kwenye tangazo.

Kwenye kompyuta

Hapa nitajitaja mwenyewe. Kijana mmoja alikuja na maombi ya kazi yaliyotakiwa kugeuzwa kuwa PDF, nami kwa haraka nilipakua programu ya kugeuza mafaili kutoka tovuti ya kwanza iliyojitokeza, nikabonyeza "endelea" mara tano bila kusoma. Kesho yake ukurasa wa mwanzo wa kivinjari ulikuwa umebadilika, na kila nilichokitafuta kilipitia injini nisiyoijua. Makosa yalikuwa yangu: kwenye mojawapo ya kurasa zile tano kulikuwa na tiki iliyokwisha kuwekwa, ikikubali "programu ya ziada". Ndiyo sababu wakati wa kusakinisha kitu ni vema kuchagua njia ya mipangilio maalum inapokuwepo, ili tiki hizo zionekane.

Utaratibu nilioufuata ni huu. Nilifungua mipangilio ya Windows, orodha ya programu zilizosakinishwa, nikaipanga kwa tarehe, na za siku ile zote nikazisanidua, zikiwa tatu ilhali niliyoitaka ilikuwa moja. Kisha nikaingia kwenye viendelezi vya kivinjari kwa kuandika chrome://extensions sehemu ya anwani, nikaondoa viwili nisivyovijua. Nikarekebisha injini ya utafutaji na ukurasa wa mwanzo, nikadhani nimemaliza, lakini nilipofungua kivinjari ukurasa ule ule ukarudi.

Ulikuwa umejificha kwenye njia ya mkato. Bonyeza alama ya kivinjari iliyo kwenye eneo-kazi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, na usome mstari unaoonyesha mahali programu ilipo. Mstari huo unapaswa kuishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Wangu ulikuwa na anwani ya tovuti iliyobandikwa baada ya hapo, hivyo kila nilipoifungua Chrome nilikuwa ninaiagiza mwenyewe ifungue ukurasa wao. Futa hicho kilichobandikwa, au itupe njia hiyo ya mkato na utengeneze mpya.

Ukiona kivinjari kinasema "Kinasimamiwa na shirika lako" wakati kompyuta ni ya kwako binafsi na si ya ofisi wala ya shule, andika chrome://policy na utazame kama kuna sheria zilizowekwa. Baadhi ya vizuia virusi halali huweka sheria kama hizo, lakini sheria inayolazimisha kiendelezi au injini ya utafutaji usiyoijua ni kazi ya programu ya matangazo. Kwa hali hii ninatumia AdwCleaner, programu ya bure ya Windows ya kuondoa programu za matangazo, inayomilikiwa na kampuni ya Malwarebytes tangu 2016, nikiipakua kwenye tovuti yao wenyewe, kisha ninachanganua kwa Microsoft Defender, kizuia virusi kilichomo tayari ndani ya Windows. Katika mipangilio ya usalama ya Windows kuna pia swichi ya kuzuia programu zinazoweza kuwa zisizotakiwa. Iwashe, kwa sababu programu za matangazo zinaingia hasa kwenye kundi hilo. Maelekezo ya zamani bado yanawatuma watu kwenye zana ya usafishaji iliyokuwa ndani ya Chrome. Zana hiyo iliondolewa mwaka 2023, kwa hiyo usiitafute.

Ikibidi kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani

Zipo simu ambazo hatua zote hizo hazizisaidii, na hapo ndipo ninakubali kufuta kila kitu. Hata hivyo kuna jambo la kuthibitisha kwanza: je, unaijua akaunti ya Google iliyomo ndani ya simu na nywila yake? Hapa Kigoma watu wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku waliyonunua simu, na nywila ilibaki kichwani mwa kijana huyo. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa njia isiyo ya kawaida, kwa mfano kupitia vitufe wakati imezimwa, huuliza akaunti iliyokuwamo kabla haijafunguka. Badilisha nywila ukiwa bado ndani ya simu, uiandike mahali, ndipo uendelee.

Kisha hakikisha namba za watu zimehifadhiwa kwenye akaunti hiyo na si kwenye simu peke yake, fanya hifadhi rudufu ya WhatsApp, na uhamishe picha kwenye kadi ya kumbukumbu, ambayo utaichomoa kabla ya kufuta. Simu ikishawaka upya, usikubali irejeshe programu zote za zamani kwa mkupuo, kwani utakuwa umemkaribisha mgeni yule yule. Weka unazozihitaji moja moja kutoka Play Store.

Ikiwa tangazo linarudi kabla hata hujaweka chochote, tatizo liko kwenye mfumo wenyewe. Mwaka 2019 programu hasidi iliyoitwa xHelper ilijulikana duniani kwa kurudi hata baada ya simu kufutwa, na mwaka huo huo Google ilithibitisha kwamba nyingine iitwayo Triada iliwahi kupenyezwa kwenye baadhi ya simu kabla hazijafika dukani. Kufuta simu kwa kawaida hakuigusi sehemu ya mfumo ambamo vitu kama hivyo hukaa. Hapo kuflashi kunakuwa na maana, tena kwa mfumo halisi wa toleo lile lile la simu, na fundi mwaminifu atakuonyesha alikoutoa. Kama simu ina dhamana, irudishe kwanza ilikonunuliwa.

Salio, namba ya siri na kinga

Baadhi ya kurasa unazotupwa huwa na kitufe kinachokuunganisha na huduma ya kukatwa salio kila siku. Salio likiyeyuka bila sababu, piga 100 kwa mtandao wako, uliza umeunganishwa na huduma zipi, na uombe uondolewe katika zote. Kama uliandika namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine kwenye ukurasa wa aina hiyo, ibadilishe hapo hapo kabla ya kuanza kusafisha kitu chochote, ikibidi kwa simu ya jirani kupitia mhudumu. Ukipata na ujumbe mfupi wa kitapeli ulioambatana na mkasa huo, utume pamoja na namba yake kwenda 15040.

Kwa kinga, simu za Android kuanzia toleo la 9 zina mpangilio uitwao DNS ya faragha, ndani ya mipangilio ya mtandao; DNS ni huduma ambayo simu huiuliza tovuti fulani iko wapi kwenye intaneti. Chagua kuandika jina la mtoa huduma na uweke dns.adguard-dns.com, ya AdGuard, inayozuia matangazo. Kuanzia hapo, anwani nyingi zinazojulikana kwa matangazo na utapeli hazitapatikana kutoka kwenye simu hiyo, iwe ndani ya kivinjari au ndani ya michezo ya watoto, na bando nalo litapumua. Haitazuia kila kitu: matangazo ya YouTube yataendelea, kwa kuwa yanatoka kwenye anwani zile zile za video. Mtu anayetaka zaidi ya hapo anaweza kutumia Firefox kwenye simu na kuiongezea kiendelezi cha kuzuia matangazo kiitwacho uBlock Origin, jambo ambalo Chrome ya simu hairuhusu.

Ukiunganisha simu kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya ofisi na intaneti ikagoma kabisa, rudisha DNS ya faragha kwenye hali ya kiotomatiki kwa muda uwapo hapo, kwa sababu baadhi ya mitandao hiyo huizuia, halafu uiwashe tena ukiondoka. Baada ya siku saba fungua tena ile orodha ya matumizi ya data na uilinganishe na ya kwanza: programu iliyokuwa ikila MB ikiwa nyuma inapaswa kuwa imetoweka, na kama ipo, rudi kwenye hatua ya tatu.